Askari, Sumu na Fidia: Nani Alete Ushahidi?

Masomo ya redio kwa watu wazima. Maneno ya mwalimu kama yalivyosemwa.

  Nawasalimu ninyi mliokaa darasani pamoja na mwalimu wenu mkisikiliza redio. Na wewe uliyekosa kusikia, ambaye sasa wasoma maneno haya kwenye karatasi, nakusalimu vile vile. Soma polepole. Ukifika penye tarakimu, simama, uzisome kwa sauti.

Juma lililopita tulijifunza kuandika barua ya kudai mshahara uliocheleweshwa. Leo twaendelea na habari ya madai, lakini dai la leo ni gumu zaidi. Maneno mapya ni matatu: fidia, ushahidi, na dhana. Mwalimu wenu ameyaandika ubaoni. Wewe uliye nyumbani, yaandike juu ya daftari lako.

Tuanze na fidia. Fidia ni malipo anayopewa mtu kwa sababu ya hasara au maumivu yaliyompata. Mfanyakazi wa kiwanda akikatwa kidole na mashine, yafaa apewe fidia. Dai lake ni rahisi kulieleza. Kidole hakipo, mashine ipo, na wenzake walikuwapo wakaona kwa macho yao. Hao wenzake ndio ushahidi.

Sasa nawauliza. Mtu akiguswa leo na sumu asiyoiona, asisikie harufu mbaya wala maumivu, kisha baada ya miaka 20 akaugua kansa, ataonyesha kidole gani kilichokatika? Atamleta shahidi gani?

Swali hili liliwasumbua askari wa zamani wa Marekani kwa miaka mingi sana, na habari yao ndiyo somo letu. Huku kwetu tukisema askari wa zamani, wengi wetu twawakumbuka wale wazee wa Keya waliokwenda kupigana Burma. Leo tuwaache wazee wetu kidogo, twende Vietnam.

Vietnam iko mbali, upande wa mashariki wa bara la Asia. Ni nchi ya mpunga, mito na misitu minene, na pwani yake ina mikoko kama pwani yetu. Marekani ilipigana vita huko katika miaka ya 1960 na mwanzo wa miaka ya 1970. Adui zake walijificha msituni, na marubani hawakuweza kuwaona kutoka juu. Basi wakubwa wa vita wakakata shauri kuyaondoa majani.

Tangu Januari 1962 mpaka mwaka 1971 ndege zilipita juu ya misitu zikimwaga dawa ya kuua mimea. Miti ikapukutisha majani ikabaki mitupu kama fito. Mashamba nayo yalimwagiwa, ili adui akose chakula, ingawa shamba halichagui nani atakula mazao yake. Kwa jumla zilimwagwa lita zaidi ya milioni 70. Dawa zilikuwa za namna mbalimbali, na mapipa ya kila namna yalipakwa mstari wa rangi yake. Ile iliyotumika kuliko zote ilikuwa na mstari wa rangi ya machungwa. Kwa hiyo ikaitwa Agent Orange, na jina hilo likaenea duniani.

Si ndege peke yake. Askari walinyunyizia dawa kwa pampu kando ya kambi zao na kando ya mito. Wengine walipita katika msitu uliomwagiwa siku chache tu zilizotangulia. Wako waliosimulia kwamba mapipa matupu waliyakata wakayafanya majiko ya kuchomea nyama. Waliambiwa kwamba dawa ile huua mimea tu, haimdhuru mtu.

Agent Orange ilikuwa mchanganyiko wa dawa mbili. Moja inaitwa 2,4-D, na hata leo wakulima huitumia kuua magugu katika mahindi na miwa. Ya pili iliitwa 2,4,5-T. Katika kuitengeneza hii ya pili kiwandani, hasa joto likizidi, huzaliwa sumu nyingine ambayo hakuna aliyeitaka. Jina lake ni dioksini. Ni kidogo mno, huwezi kuiona. Lakini ikiingia mwilini haitoki upesi. Hukaa katika mafuta ya mwili kwa miaka mingi. Katika tope la mito na maziwa hukaa muda mrefu zaidi, ikaingia katika samaki na bata, na kutoka hapo ikamwingia mtu anayewala.

Chukueni mfano. Mtu huyu si wa kweli, nimemtunga mwenyewe ili tuelewane. Tumwite John. Alikwenda Vietnam mwaka 1968, umri wake miaka 19, akakaa huko miezi 12. Akarudi kwao, akaoa, akapata kazi ya kuendesha lori. Mwaka 1980 daktari akamwambia kwamba ana kansa. John akaenda kwenye ofisi ya serikali inayowahudumia askari wa zamani kuomba matibabu na fidia.

Karani wa ofisi ile hakuwa mtu mbaya. Alimwuliza maswali matatu tu. Je, u mgonjwa? John akatoa barua ya daktari. Je, ulikuwa askari? Akatoa cheti chake cha jeshi. Je, una ushahidi gani kwamba ugonjwa huu umeletwa na kazi ya uaskari?

Hapo John akanyamaza.

Angesema nini? Hakujua ni siku gani ndege ilipita juu ya kichwa chake, wala ilibeba pipa gani. Hapakuwa na mtu aliyempima damu siku ile. Daktari wake naye, akiwa mkweli, hakuweza kusema hakika, maana kansa haina chapa kama ng'ombe, kwamba uitazame na kumjua mwenyewe. Huwapata hata watu ambao hawajavuka mpaka wa kijiji chao. Basi karani akaandika: dai limekataliwa. Kwa kanuni za siku zile hakukosea.

Lakini tazameni jambo moja. Aliyetakiwa kuleta ushahidi ndiye asiyekuwa nao. Ramani za safari za ndege zilikuwa mikononi mwa jeshi. Habari za dawa na jinsi ilivyopikwa zilikuwa mikononi mwa viwanda. John alikuwa na mwili wake tu.

Jambo hili lilianza kujulikana kwa watu kwa sababu ya mama mmoja. Jina lake Maude DeVictor. Alikuwa mfanyakazi wa ofisi ya askari wa zamani katika mji wa Chicago. Mwaka 1977 alipigiwa simu na mwanamke ambaye mumewe alikuwa mgonjwa wa kansa, naye mume alikuwa amesema kwamba ugonjwa wake umetokana na dawa za Vietnam. Bibi DeVictor hakuwa daktari. Alichofanya ni jambo ambalo hata mwanafunzi wa darasa hili aweza kulifanya: aliuliza, na akaandika. Kila askari aliyekuja, alimwuliza alikuwa wapi, aliona nini, anaumwa nini. Karatasi zikawa nyingi. Mwaka 1978 televisheni ya Chicago ikatangaza habari ile, na watu wakaanza kupiga simu kutoka kila upande. Walikuwa wakidhani kila mmoja ni mgonjwa peke yake.

Basi askari wakaenda mahakamani kuvishtaki viwanda vilivyotengeneza dawa. Tarehe 7 Mei 1984, siku kesi ilipokuwa ianze kusikilizwa, pande mbili zikapatana. Viwanda saba vikakubali kutoa dola milioni 180, bila kukiri kosa.

Chukueni kalamu, tufanye hesabu. Dola 180,000,000 zaonekana nyingi, sivyo? Fedha zile ziliwekwa katika mfuko zikazaa faida. Baadaye watu wapatao 52,000, askari na warithi wao, walilipwa. Kwa wastani kila mmoja alipata dola 3,800. Zidisheni 52,000 kwa 3,800. Jibu ni 197,600,000. Ni zaidi ya zile za kwanza kwa sababu ya faida iliyozaliwa. Lakini mgonjwa hali milioni. Hula zile 3,800 zake, tena mara moja tu. Kwa mtu mwenye kansa katika nchi ya Marekani, fedha hizo zaweza kwisha kabla ya kutoka hospitali. Zaidi ya nusu ya walioomba hawakupata kitu.

Kwa hiyo askari wakarudi kwa serikali. Walisema: sisi hatukuajiriwa na kiwanda. Aliyetutuma ni serikali.

Sasa niwaambieni habari ya baba na mwana. Admirali Elmo Zumwalt alikuwa mkubwa wa askari wa majini wa Marekani katika Vietnam kuanzia mwaka 1968. Vijana wake walisafiri na mashua katika mito myembamba, na adui aliwapiga risasi kutoka katika vichaka vya ukingoni. Wengi waliuawa na kuumizwa. Admirali akaamuru kingo za mito zimwagiwe dawa, vichaka vife. Vikafa, na mashua zikapita salama zaidi kuliko kwanza. Miongoni mwa makamanda wa mashua zile alikuwamo mwanawe mwenyewe, naye jina lake Elmo.

Mwana alirudi nyumbani mzima. Baadaye akashikwa na kansa, akafa mwaka 1988, umri wake miaka 42. Mjukuu naye alizaliwa na matatizo ya akili na mwili. Baba na mwana wote wawili waliamini kwamba dawa ndiyo iliyoleta mambo hayo. Hata hivyo Admirali alisema wazi kwamba hakujuta kwa amri ile, maana bila dawa vijana wengi zaidi wangalikufa mtoni. Mimi nimeifikiri sana habari hii, na sioni neno la kuongeza. Admirali hakukaa kulia. Alisoma kazi za wataalamu, na mwaka 1990 akampelekea waziri wa askari wa zamani taarifa kwamba sababu za kuihusisha dawa na magonjwa kadha wa kadha zilikuwa nzito, na kwamba askari wasaidiwe.

Mwaka uliofuata, tarehe 6 Februari 1991, Rais George H. W. Bush alitia sahihi sheria mpya. Na hapa twafika kwenye neno letu la tatu, dhana.

Katika maneno ya kila siku, dhana ni kudhani. Katika sheria, dhana ni jambo ambalo sheria hulikubali kuwa kweli bila kumtaka mtu alithibitishe, mpaka upande wa pili ulete ushahidi wa kulipinga. Fikiri mtu ashukaye kwenye basi baada ya safari ndefu katika barabara ya vumbi. Nguo zake zimekuwa nyekundu. Wewe mwenyeji wake humwambii, thibitisha ni lori gani lililokurushia vumbi, na saa ngapi. Wajua barabara, wajua basi lilipita. Wampa maji aoge.

Sheria ya 1991 ilifanya hivyo. Ilisema kwamba askari yeyote aliyefanya kazi katika nchi ya Vietnam kati ya tarehe 9 Januari 1962 na tarehe 7 Mei 1975, yachukuliwa kwamba aliguswa na dawa. Haulizwi tena ndege gani. Na kama ana ugonjwa ulioandikwa katika orodha, yachukuliwa kwamba ugonjwa huo umetokana na kazi yake. John akiwa hai atatoa cheti cha jeshi na barua ya daktari. Swali la tatu limefutwa.

Orodha ya magonjwa haikuandikwa kwa kukisia. Sheria iliwaita wataalamu wasiokuwa wa jeshi wala wa viwanda, wapitie kila baada ya miaka miwili yote yaliyogunduliwa duniani. Ikaweka na kipimo. Ushahidi wa kuunga mkono ukiwa sawasawa na ushahidi wa kupinga, mizani imesimama katikati, basi ugonjwa utiwe katika orodha. Yaani penye shaka iliyo sawa, askari ndiye apewe. Nawaombeni mwisome sentensi hiyo mara mbili. Nguvu yote ya sheria ile imo humo.

Malipo yenyewe huenda kwa asilimia. Daktari hupima ugonjwa umempunguzia mtu nguvu kiasi gani, kisha ofisi huandika asilimia 10, au 30, au 70, mpaka 100. Mwaka 2024 mwenye asilimia 10 alilipwa dola 171 na senti 23 kila mwezi. Mwenye asilimia 100, akiwa hana mke wala mtoto, alilipwa zaidi ya dola 3,700 kila mwezi. Na askari akifa kwa ugonjwa huo, mjane wake aweza kulipwa. Linganisheni na zile 3,800 za mara moja.

Orodha ikaendelea kukua. Ugonjwa wa sukari ule wa watu wazima uliongezwa mwaka 2001. Mwaka 2010 uliongezwa ugonjwa wa moyo wa kuziba mishipa, na ule wa kutetemeka uitwao Parkinson. Shinikizo la damu liliongezwa mwaka 2022. Toeni 1971 katika 2022. Yapata 51. Kijana aliyekuwa na miaka 20 ndege ya mwisho ilipomwaga dawa, alikuwa na miaka 71 ugonjwa wake ulipotambuliwa. Wenzake wangapi walikuwa wamekwisha kuzikwa?

Lakini sheria yoyote itoayo kitu ina mlango, na mlangoni pana mtu asemaye, wewe ingia, wewe subiri. Waliosubirishwa walikuwa askari wa manowari. Mwaka 2002 wakuu wa ofisi walikaza kanuni: apewe yule tu aliyekanyaga nchi kavu ya Vietnam au aliyesafiri katika mito yake. Askari wa manowari iliyokuwa baharini, hata kama aliiona nchi kwa macho, akaambiwa dawa haikumfikia.

Wakajibu: na maji je? Dawa iliyomwagwa juu ya msitu ilishuka mitoni, na mito hushuka baharini. Manowari ilivuta maji ya bahari, ikayachemsha, ikakusanya mvuke uwe maji matamu ya kunywa na kupikia. Chumvi ilibaki nyuma. Wataalamu wa Australia walifanya majaribio, na mwaka 2002 wakaonyesha kwamba dioksini haikubaki nyuma pamoja na chumvi. Ilipanda pamoja na mvuke, na maji yaliyotoka yakawa na sumu nyingi zaidi kuliko yale yaliyoingia.

Hata hivyo mahakama iliwakatalia mwaka 2008. Wakakaa miaka 11 mingine. Ndipo askari wa majini aitwaye Alfred Procopio, aliyekuwa katika manowari Intrepid, alipoipeleka kesi yake tena, na Januari 2019 mahakama ikasema kwamba nchi ni pamoja na maji ya pwani yake. Juni mwaka huo huo Bunge na Rais wakaliweka katika sheria, mpaka maili 12 za baharini, kama kilomita 22 hivi. Wavuvi wa darasa hili watajua hapo ni wapi. Ni pale unapoanza kupoteza minazi.

Mtu aweza kusema kwamba hayo ni ya zamani, dawa ile haitumiki tena vitani. Ni kweli. Lakini askari wa Marekani walipokwenda Iraq na Afghanistan, sumu ilikuja kwa njia nyingine. Kambi kubwa hutoa taka nyingi. Walichimba mashimo makubwa wakachoma humo kila kitu: plastiki, matairi, betri, rangi, dawa za hospitali, hata choo. Wakawasha kwa mafuta ya ndege. Moshi mweusi ulipita juu ya mahema usiku na mchana. Wewe uliyewahi kuishi karibu na jalala la mji, huhitaji kuelezwa harufu yake.

Waliporudi kwao wakaanza kukohoa, wengine wakapata kansa. Wakaenda ofisini. Wakaulizwa swali la tatu, lile lile la John.

Sheria ya kuwasaidia hao imepewa jina la askari mmoja wa Ohio, Heath Robinson, aliyefanya kazi Iraq, akafa mwaka 2020 kwa kansa ya mapafu akiwa na miaka 39. Kupitishwa kwake hakukuwa rahisi. Baraza la Seneti liliikubali Juni 2022. Ikarudi kwao kwa marekebisho madogo, na tarehe 27 Julai baadhi ya wale wale waliosema ndiyo wakasema hapana, wakibishana juu ya hesabu za fedha. Askari wa zamani waliokuwa wamekuja kushangilia wakakaa chini kwenye ngazi za Bunge, wengine na dawa zao mkononi, wakalala hapo usiku kucha, siku baada ya siku, mvua na jua. Tarehe 2 Agosti kura zikapigwa tena: 86 za kukubali, 11 za kukataa. Rais Joe Biden akatia sahihi tarehe 10 Agosti 2022. Kufikia Mei 2024 madai zaidi ya 1,000,000 yalikuwa yamekubaliwa.

Nitataja baadhi ya nchi zilizomo katika sheria ile. Zimo Iraq na Kuwait. Zimo pia Oman, Djibouti na Somalia. Askari wa Marekani aliyepelekwa Somalia tangu Agosti 1990, akiugua baadhi ya kansa au magonjwa ya kifua, haulizwi moshi ulitoka shimo gani. Sheria ile haimtaji Msomali aliyefua nguo za kambi. Hiyo ni sheria ya Marekani kwa askari wake, na haikuahidi zaidi ya hapo.

Wako wanaoipinga dhana hii, na haifai tuwafiche. Wasema fedha ni nyingi mno. Sheria ya 2022 ilikadiriwa kugharimu kama dola bilioni 280 katika miaka kumi. Wasema pia kwamba shinikizo la damu na sukari ni magonjwa ya wazee wote, na kwamba wengi wanaolipwa wangaliugua hata kama wasingalikwenda vitani. Nafikiri katika hilo wanasema kweli. Wako watakaolipwa ambao dawa haikuwagusa. Sheria ya zamani nayo ilikuwa na kosa lake: wako walioguswa wakafa bila kulipwa. Hakuna sheria iwezayo kuyakwepa makosa hayo mawili kwa pamoja, maana hakuna daktari awezaye kuwatenganisha watu hao wawili. Yapasa kuchagua kosa moja. Mimi ningechagua la kumlipa asiyestahili, kwa sababu aliyewaweka wote wawili mahali pale ni serikali ile ile yenye mfuko. Mwenzangu mmoja mwalimu hakubaliani nami, naye ni mtu wa akili. Jadilianeni darasani.

Tumewasema askari muda wote huu. Ndege zile zilimwaga dawa juu ya nchi yenye watu, na watu hao hawakurudi kwao baada ya miezi 12. Kwao ndiko huko. Serikali ya Vietnam husema kwamba watu wake walioguswa na dawa ni mamilioni. Mwaka 2004 baadhi yao walivishtaki viwanda katika mahakama ya New York, mbele ya jaji yule yule, Jack Weinstein, aliyeshughulikia kesi ya askari mwaka 1984. Machi 2005 alilitupa shauri lao. Alisema kwamba kutumia dawa ya mimea vitani hakukukatazwa na sheria za mataifa za wakati ule, na kwamba ushahidi wa kuunganisha dawa na magonjwa yao haukutosha. Rufani zao nazo zikashindwa. Kwa hao dhana haikuwapo. Swali la tatu lilibaki palepale.

Jambo moja limefanyika. Katika uwanja wa ndege wa Da Nang, mahali mapipa yalipowekwa na ndege kuoshwa, udongo ulikuwa umejaa dioksini. Kuanzia 2012 mpaka 2018 Marekani na Vietnam walisaidiana kuusafisha. Walijenga kama tanuri kubwa, wakaujaza udongo, wakaupasha joto mpaka nyuzi 335 ili sumu ivunjike. Baadaye wakaanza kazi kama hiyo Bien Hoa, ambako uchafu ni mwingi zaidi. Marekani imetoa pia fedha za kusaidia watu wenye ulemavu huko. Haikuziita fidia.

Sasa kazi ya kuandika. Wewe ni mjane wa John. Mumeo amekufa. Katika sanduku lake umekuta cheti cha jeshi chenye tarehe, barua ya daktari, na picha moja ya vijana wanne wamesimama karibu na mapipa, nyuma yao miti haina majani. Andika barua kwa ofisi, mistari 15, kudai haki yako kwa sheria ya 1991. Anza na jina la mumeo na tarehe alizokuwa Vietnam. Usiandike matusi, wala usiombe kama maskini. Kisha andika barua ya pili, fupi, kana kwamba ni mwaka 1980 na sheria ile bado haijatungwa, uone ni mistari mingapi itakayokushinda kuandika.

Mwalimu wenu atazikusanya siku ya darasa. Kwaherini.